Ol Doinyo Lengai Unastahili Siku Zake

Wasafiri wengi wa kaskazini mwa Tanzania huimaliza ratiba yao Serengeti na Ngorongoro. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, huachiwa siku ya mwisho, kama itabaki. Huo ni upangaji mbaya.

Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hii, yenye magadi mengi badala ya silika. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na kutiririka kama maji ya tope, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Weupe wa kileleni ambao wageni hudhani ni theluji ni mwamba huo.

Kuupanda si matembezi. Safari huanza usiku wa manane ili kukwepa jua, na mteremko ni mkali, wa majivu yaliyogandamana. Mwaka 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu, ukaendelea hadi 2008; kwa hiyo hali yake iulizwe kwanza, na kiongozi mwenyeji asikosekane.

Asiye na miguu ya kupanda bado ana mengi: heroe wa Ziwa Natron, magofu ya Engaruka, na nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano pale Engare Sero.

Anayepanga likizo ya kiangazi atenge angalau siku tatu, na malipo ya wenyeji ayaweke kwenye bajeti tangu mwanzo.