Majuma ya Kwanza na Kalamu ya Mwanachuo

Mwanachuo mpya hupokewa kwa ratiba, sheria za bweni na zamu za bustani. Kuandika hakumo. Hudhaniwa kwamba aliyefaulu mtihani wa sekondari amekwisha kujua kuandika. Sisi hatuikubali dhana hiyo.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache. Sekondari, masomo karibu yote hutolewa kwa Kiingereza. Basi kijana wa Ufipa huzungumza Kifipa nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha hupitisha miaka minne au sita akijibu maswali kwa Kiingereza. Anapotakiwa kuandika andalio la somo kwa Kiswahili, huandika kama mtu anayefasiri.

Hapa Kasense tuliwapa wanachuo wapya insha juu ya kilimo cha matuta. Karibu wote walianza, “Kuna faida nyingi za kilimo cha matuta,” ikafuata kwanza, pili, tatu. Hiyo ni insha ya kumridhisha msahihishaji. Kumbe wengi wao wamelishika jembe. Wanajua jinsi nyasi zinavyofukiwa udongo ungali na unyevu, zikaoza, na tuta likatawanywa msimu ufuatao. Hayo hawakuyaandika.

Hatukutoa alama, wala wino mwekundu haukutumika. Kila mmoja alimsomea mwenzake kwa sauti, naye mwenzake akauliza: Nyasi hufukiwa lini? Kwa nini zisichomwe? Kisha insha ikaandikwa upya. Insha za pili zilizidi makosa ya tahajia, nasi hatukusikitika, maana sasa mtu alikuwa akieleza jambo. Tahajia ina siku yake.

Wakufunzi wenzetu husema muda hautoshi. Twaomba nusu saa kwa siku, majuma sita ya mwanzo, kabla mbinu za kufundishia hazijashika kasi. Si nyingi, ukikumbuka saa zinazopotea kwa kunakili maelezo ubaoni.

Tena ubao wenyewe ni jambo zito. Panapokuwa na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa, ubao ndio kitabu. Sentensi iliyopinda ya mwalimu huingia katika madaftari ya darasa zima.

Ninyi mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha, jaribuni utaratibu huu na darasa la tano. Anzeni na jambo ambalo watoto wanalijua kuliko ninyi.