Tupime oili kabla trekta halijakwama shambani

Msimu wa kulima unapokaribia, wenye matrekta hushughulikia matairi, betri na diski za jembe. Wachache hukumbuka oili ya haidroliki, ile inayonyanyua jembe. Matokeo yake trekta hugoma katikati ya shamba, mvua imeshaanza, na wakulima waliokwisha kulipia ekari zao wanasubiri.

Pampu kwa kawaida haifi ghafla. Huliwa kidogo kidogo na vumbi pamoja na chembechembe za chuma zinazotoka kwenye pampu yenyewe na, katika matrekta mengi, kwenye gia, kwa kuwa oili inayotumika ni hiyo hiyo moja. Jicho la binadamu huona kitu cha takriban maikroni 40, ilhali kipimo cha kimataifa cha usafi wa oili, ISO 4406, huanza kuhesabu chembe za maikroni 4. Kwa hiyo fundi anayetazama kijiti na kusema oili "bado safi" anabahatisha.

Maabara huonyesha kilichomo. Chuma kikizidi, huenda gia au pampu inalika. Shaba huelekeza kwenye bushi. Silikoni ni dalili ya vumbi la udongo. Vipande vikubwa vinaweza kukipita kipimo hicho, hivyo filta iliyotumika ipasuliwe na kukaguliwa kwa sumaku. Shaba haishikwi na sumaku. Itafutwe kwa macho.

Sampuli ichukuliwe oili ikiwa ya moto, kwa chupa safi na kavu, kabla ya kumwaga oili ya zamani. Anayenunua trekta lililotumika awe macho: oili mpya huficha ugonjwa wa siku nyingi.

Tunatambua kuwa kwa mkulima mmoja mmoja, kupeleka chupa maabara mjini ni gharama. Ndiyo maana tunashauri vyama vya ushirika, zikiwamo SACCOS zinazokopesha matrekta, vikusanye sampuli za wanachama na kuzipeleka pamoja kabla ya kila msimu. Majibu yatunzwe, kwani ya mwaka huu yana maana zaidi yakilinganishwa na ya mwaka jana. Wauzaji wa matrekta nao waifanye huduma hii kuwa sehemu ya dhamana wanayotoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pampu hununuliwa, lakini mvua iliyopita hairudi.