Fundi wa Wajir Hahitaji Jina Jipya la Relei

Katika makongamano yetu ya Kiswahili, suala la istilahi halikosi nafasi. Kwa miaka mingi tumebishana iwapo tuseme kompyuta au tarakilishi, televisheni au runinga, simu ya mkononi au rununu. Mijadala hiyo ina manufaa yake, wala sina nia ya kuwabeza waliotutangulia. Hata hivyo, naona imetufanya tuamini kwamba upungufu wa Kiswahili katika sayansi ni upungufu wa majina. Rai yangu ni tofauti. Ninashikilia kwamba ujuzi wa ufundi hukaa katika vitenzi kuliko katika nomino, na kwamba mafundi watakiamini Kiswahili siku tutakapowapa maelezo wanayoweza kuyafuata kwa mikono yao, hata kama nusu ya majina yaliyomo yamekopwa.

Ili hoja hii isielee hewani, nitaipima kwa kifaa kimoja: kidhibiti cha kiwango cha sauti kinachotumia relei. Kifaa hiki hujengwa kipande kwa kipande na kutiwa ndani ya kikuza sauti cha awali, yaani kile kinachopokea mawimbi ya redio ya kaseti, simu au maikrofoni kabla hayajafika kwenye kikuza sauti kikuu na spika. Nitakipima katika mji wa Wajir, kwa sababu mbili. Kwanza, Wajir ni nchi ya joto, ukame na vumbi, na vumbi ni adui wa vyombo vya sauti. Pili, wengi wa wenyeji huzungumza Kisomali nyumbani. Kiswahili hukipata shuleni na sokoni, na Kiingereza hukikuta kitabuni. Kijana wa huko akipewa mwongozo wa Kiingereza peke yake, huwa amewekewa ukuta kabla hajashika chuma cha kulehemu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Redio na ampli nyingi hudhibiti sauti kwa kitufe cha kuzungusha. Ndani yake mna utepe wa kaboni, na juu ya utepe huo huteleza kidole cha metali. Vumbi likiingia, au utepe ukilika, kidole hakigusi sawasawa; spika hukwaruza kila kitufe kinapozungushwa, na pengine upande mmoja wa stirio hunyamaza. Msomaji atazame vitenzi nilivyotumia: kuzungusha, kuteleza, kulika, kugusa, kukwaruza, kunyamaza. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kamati ya istilahi. Fundi yeyote wa Wajir anavijua, na ameyaelewa maradhi kabla hatujaambizana jina la kifaa.

Sasa tuje kwenye dawa. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme mdogo ukipita katika koili yake, koili hugeuka sumaku na kuvivuta vidole vya metali vigusane. Umeme ukikatwa, vidole huachia. Katika relei ndogo za kazi hii vidole hivyo hufungiwa ndani ya kasha la plastiki, kwa hiyo vumbi haliwafikii kwa urahisi. Aidha, hakuna kinachoteleza juu ya kaboni. Sauti hupunguzwa na rezista zisizosogea. Relei huchagua tu ni zipi zitumike.

Hapa ndipo mtunga istilahi angeshawishika. Angekumbuka mbio za kupokezana vijiti, na kupendekeza jina litokanalo na kupokezana. Kihistoria hangekosea kabisa. Katika simu za maandishi za karne ya 19, relei iliwekwa kwenye nyaya ndefu ili ishara iliyodhoofika njiani iamshe mkondo mpya wa umeme na kuendelea na safari; huko kulikuwa na kupokezana kwa hakika. Katika kidhibiti chetu, hata hivyo, koili haipokei sauti wala haimpi mwenzake. Mkondo unaoivuta relei na mkondo wa sauti havikutani. Jina zuri la Kiswahili sanifu lingemfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli, ilhali neno relei, ambalo halimwambii lolote, linamwachia nafasi ya kujifunza kutoka kwenye vitenzi: huvuta, hugusanisha, huachia.

Tunao mfano mwingine wa jina letu wenyewe linalotatiza. Kipaza sauti, kwa matumizi ya watu wengi, ni kile unachosemea. Kwa wengine, ni kile kinachotoa sauti juu ya mnara wa msikiti. Mwanafunzi akiambiwa aunganishe kipaza sauti, aanzie upande gani? Maikrofoni na spika ni maneno ya kukopa, lakini hayamchomei mtu ampli.

Turudi kwenye ujenzi. Tuseme tunataka kipande kimoja kinachopunguza volteji ya sauti hadi nusu, ambayo ni takriban desibeli 6, na kifaa kinachofuata kina ukinzani wa omu 10,000. Tunaweka rezista ya omu 5,000 katika njia ya sauti. Baada yake tunaweka nyingine ya omu 10,000 inayoteremka hadi ardhini. Rezista hii ya pili na mzigo unaofuata, zikiwa sambamba, ni sawa na omu 5,000. Hivyo sauti hukutana na nusu mbili zilizo sawa, na nusu moja tu ndiyo inayosonga mbele. Zaidi ya hayo, anayetazama kutoka mwanzoni huona 5,000 na 5,000, yaani 10,000 zile zile. Kwa sababu hiyo kila kipande kinaweza kufuatwa na kingine bila kumvurugia hesabu. Relei ikiachia, vidole vyake huipitisha sauti kando ya rezista ya kwanza na kuikata ya pili. Kipande huwa kama hakipo.

Vipande vingine hufuata kanuni hiyo kwa thamani tofauti. Kipande cha desibeli 1, kwa mfano, huhitaji karibu omu 1,090 njiani na karibu omu 82,000 hadi ardhini. Tukijenga vipande sita, vya desibeli 1, 2, 4, 8, 16 na 32, tunakuwa na mizani ya muuza nafaka. Mwenye mawe ya kilo 1, 2, 4, 8, 16 na 32 hupima kilo yoyote nzima hadi 63 kwa kuchagua mawe tu. Fundi vivyo hivyo hupata ngazi 64, kuanzia sifuri hadi desibeli 63. Kipande kimoja kikiharibika, hukitoa hicho na kuviacha vingine.

Kuna hatari moja, nayo inathibitisha hoja yangu kuliko zote. Kutoka desibeli 31 hadi 32, relei tano za mwanzo lazima ziachie na ile ya 32 ivute. Tano zikiachia kabla ya hiyo moja kuvuta, kwa kufumba na kufumbua hakuna kinachopunguza sauti, na spika hupiga kishindo. Kwa hiyo chipu inayoziamuru relei yapasa iambiwe: ya 32 ikishavuta, ndipo nyingine ziachie. Ukimya wa nukta moja haudhuru; kishindo hudhuru. Tazama kazi iliyofanywa na kiambishi -sha- na neno ndipo. Usalama wa spika umebebwa na sarufi tunayoifundisha kila muhula, nasi tukidhani tunafundisha sarufi tu.

Yamkini msomaji atapinga kwamba ampli zilizokwisha kuundwa zinauzwa madukani, na kwamba kitufe kipya ni rahisi kuliko relei. Ni kweli. Stirio inahitaji relei mbili kwa kila kipande, jumla 12. Kila moja ikila miliwati 140, zote zikivuta pamoja hula takriban wati 1.7 mfululizo, mzigo usiofaa kupuuzwa na mwenye betri ya sola. Zipo relei zinazobaki zilipo baada ya msukumo mmoja wa umeme, na hizo hupunguza ulaji huo, japo huhitaji saketi yenye maarifa zaidi. Simshauri kila mtu akijenge kifaa hiki. Ninachosema ni kwamba anayejua kukijenga hawezi tena kutishwa na ampli yoyote iliyofunguliwa mbele yake, na ujuzi huo haufai kufungiwa katika lugha moja ya kigeni.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, licha ya kuwa lugha ya taifa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka 1990. Sheria tunayo, na orodha za maneno tunazo. Tunachokosa ni kurasa ambazo mtu anaweza kuzifuata hadi kifaa kilie.

Kwa hivyo napendekeza kwamba kila mwanachama wa chama chetu, likizo ijayo, aketi na fundi mmoja wa kwao na kuandika maelezo ya kifaa kimoja. Majina ayatumie yale ya fundi. Kisha ampe karatasi hiyo mtu ambaye hajawahi kukijenga, naye anyamaze amtazame. Mtu huyo akikwama, kosa si la Kiswahili, ni la sentensi, na sentensi hurekebishwa. Kijana wa Wajir akifika mwisho, akazungusha kitufe chake na spika isikwaruze, tutakuwa tumeisahihisha istilahi yetu mahali panapostahili, mezani pa fundi.