Tusitegemee Njia Moja

Wazee wetu walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii hutajwa kila mtu anapotamani mambo mawili kwa wakati mmoja, na aghalabu hutajwa kwa kukemea. Lakini tukiitazama vyema tutaona kwamba kosa la fisi halikuwa kupata njia mbili mbele yake. Kosa lake ni kwamba alifika njia panda akiwa hana kanuni ya kuamua, akapeleka miguu huku na miguu kule mpaka akapasuka. Angekuwa na kanuni, njia moja ingemfikisha, na ile ya pili ingekuwa akiba yake.

Tunaikumbusha methali hii kwa sababu ya jambo linalohusu nyumba, maduka, shule, zahanati na ofisi zetu, kuanzia mjini Kibiti mpaka vijiji vya visiwani katika Delta ya Rufiji. Jambo lenyewe ni hatari ya kutegemea njia moja tu ya intaneti, na hatari nyingine, isiyoonekana upesi, ya kudhani tunazo mbili ilhali tunayo moja.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 ulitupa somo hili mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, wilayani Kilwa. Msafiri wa Lindi na Mtwara aliyekuwa na haraka alibakiwa na mzunguko mrefu wa Songea na Tunduru. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, yaani EASSy na Seacom, ambazo zote hutia nanga Dar es Salaam, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota nchini kote na katika nchi jirani. Hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisimamisha huduma kwa umma kwa muda wa siku mbili kwa sababu hiyo.

Somo la barabara ni rahisi kulielewa: anayetegemea njia moja husimama pale njia hiyo inaposimama. Wakazi wa Kibiti na Rufiji hawahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilingoja pantoni, na pantoni ikiharibika kila mtu alilala ukingoni. Somo la nyaya ni zito zaidi, kwa kuwa nyaya zile zilikuwa mbili, zenye majina mawili, wenyewe wawili na ankara mbili, na bado zilikatika siku moja. Wingi wa njia si kitu ikiwa zinapita mahali pamoja penye hatari.

Sasa turudi nyumbani. Mwananchi wa kawaida wa Delta amekwisha kuanza kuishi kwa njia mbili bila ya kufundishwa na mtu. Simu yake ina laini mbili, kwa sababu kampuni moja hushika kijijini na nyingine hushika akiwa baharini. Wakala wa fedha pale Nyamisati huweka simu mbili au tatu mezani, na mtandao mmoja ukigoma humwambia mteja angoje kidogo, akachukua simu ya pili. Wenzetu wa Mafia hufanya hivyo hivyo katika usafiri: kipo chombo cha Nyamisati na Kilindoni, na ipo ndege. Mwenye mgonjwa haulizi ipi nzuri zaidi. Huuliza ipi inakwenda leo. Akili hiyo ya watu wetu ni akili sahihi. Kilichobaki ni kuitia katika utaratibu, ili isitegemee mtu mmoja kuwapo mezani saa zote.

Utaratibu wenyewe si muujiza. Nyumba au ofisi inaweza kuwa na ruta moja inayopokea njia mbili, tuseme faiba iliyovutwa kutoka barabarani na laini ya simu iliyomo ndani ya modemu. Ndani ya ruta hiyo mna kama daftari dogo, na kila njia imeandikwa humo kwa daraja lake, ya kwanza na ya pili. Ujumbe wowote unaotoka nyumbani hupelekwa kwa njia ya kwanza maadamu i hai. Ikifa, ruta huipiga mstari na kupeleka ujumbe kwa njia ya pili, na ile ya kwanza ikifufuka hurejeshwa mahali pake. Huu ni utaratibu wa akiba. Upo pia utaratibu wa mgawanyo, ambao njia zote mbili hufanya kazi saa zote, nayo ruta huzigawia safari kwa kadiri ya uwezo wa kila moja.

Hapa ndipo fisi wetu anapotunyemelea, na hapa ndipo watu wengi wanaponunua vifaa vizuri na kupata matokeo mabaya. Zipo kanuni tatu ambazo hatuna budi kuzishika.

Kanuni ya kwanza ni kwamba safari moja isipasuliwe katikati. Mtu anapoingia katika huduma ya benki, upande wa pili humtambua pamoja na anwani aliyotokea. Ombi lake la kwanza likitokea kwa anwani ya faiba na la pili likatokea kwa anwani ya laini ya simu, benki huweza kumdhania mwizi na kumfungia mlango. Kwa hiyo ruta ifundishwe kwamba mazungumzo yaliyoanza kwa njia moja yamalizikie kwa njia hiyo hiyo. Vilevile watu wasidanganyike kwamba njia mbili huongeza kasi ya kila kitu mara mbili. Gunia moja la mchele haligawanyiki katika mitumbwi miwili. Magunia kumi hugawanyika. Nyumba yenye watu wengi itaona nafuu ya mgawanyo, lakini mtu mmoja anayepakua faili moja aghalabu hataiona.

Kanuni ya pili ni kuijaribu njia mpaka mwisho wake. Manahodha wa Delta wanalijua jambo hili kuliko mafundi. Nahodha aingiaye katika mkono wa mto wakati wa maji mafu haamini kwa kuona maji yametanda mbele yake. Huchovya upondo apime kina. Ruta nyingi hukosea hapo. Huona waya umechomekwa na taa inawaka, zikasema njia i salama, kumbe maji yamekauka mbele, baada ya Mkuranga au huko baharini. Basi watumiaji wote huendelea kusukumwa katika njia iliyokufa, huku njia ya pili iliyo hai ikikaa bure. Dawa yake ni kuiagiza ruta ibishe hodi, kila baada ya sekunde kadhaa, kwenye anwani ya mbali iliyo nje ya kampuni inayotuuzia huduma. Hodi zikikosa jibu mara tatu mfululizo, ihame. Tena isibishe mlango mmoja tu, maana mwenye mlango huo naye huweza kuwa ametoka. Na huduma ya kutafsiri majina ya tovuti isiwe ya kampuni moja peke yake, ili kampuni hiyo ikianguka isiondoke na majina yote.

Kanuni ya tatu ni kuamua mapema nani atangulie wakati wa dhiki. Njia ya akiba kwa kawaida ni bando la simu, na bando lina mwisho. Faiba ikikatika saa mbili usiku na filamu za vijana zikahamia kwenye bando bila ya kizuizi, asubuhi mama muuza kamba atakuta hakuna kilichobaki cha kuulizia bei wala cha kupokea malipo. Mashua ikizidiwa na mawimbi, nahodha hutupa mizigo na kuokoa watu. Hali kadhalika ruta huweza kuagizwa kwamba wakati wa akiba ujumbe, malipo, taarifa za zahanati na masomo vipite, na filamu zingoje.

Tukizishika kanuni hizo tatu tutakuwa tumemshinda fisi, lakini tutakuwa bado hatujalishinda somo la tarehe 12 Mei. Ni lazima tuulize kama njia zetu mbili ni mbili kweli. Laini za kampuni mbili tofauti huweza kuning'inia katika mnara mmoja, kwa kuwa siku hizi minara mingi ni ya kukodishwa na kampuni kadhaa hupanga humo. Mnara huo ukikosa umeme, laini zote mbili hufa pamoja. Faiba na mnara navyo huweza kutegemea waya mmoja unaofuata barabara ile ile ya kwenda Dar es Salaam. Mafuriko yakibomoa kalvati moja, njia zote mbili huondoka nalo. Na hata njia zikiwa mbili kwa haki, ikiwa ruta na modemu zimechomekwa katika soketi moja isiyo na betri, umeme ukizimika tunayo njia sifuri. Betri ndogo na sola, ambazo watu wetu wa visiwani wamezizoea kwa taa na simu, ni sehemu ya njia ya pili, si pambo.

Mto wenyewe unatufundisha. Rufiji haukuamini mlango mmoja wa kuingilia baharini. Umejigawa katika mikono mingi, baina yake Simba Uranga, Kikunya na Msala, na wazee wamewahi kuona maji mengi yakihama kutoka mikono ya kusini kwenda ya kaskazini. Mkono mmoja ukijaa mchanga, mto haukomi. Lakini mikono hiyo inafaa kwa sababu kila mmoja una njia yake hadi baharini. Ingekuwa inakutana tena katika shingo moja kabla ya kufika, wingi wake ungekuwa wa kuhesabu tu.

Sisi tunaosimamia shughuli za umma hatuna haki ya kuwanyoshea wananchi kidole kabla ya kujitazama wenyewe. Tumewahi kuingia katika ofisi moja, siku ambayo mtandao ulikuwa chini, tukakuta wananchi wamekaa benchi tangu asubuhi wakingoja namba ya malipo ya Serikali. Miongoni mwao walikuwamo watu waliovuka maji kutoka visiwani na waliokuwa wakichungulia saa, kwa kuwa maji yakishakupwa chombo chao hakiondoki. Tukauliza kama hakuna njia ya pili. Tukajibiwa kwamba ipo. Ilikuwa kabatini, modemu nzuri, imefungwa katika boksi lake, na bando lake lilikwisha muda zamani. Fedha za umma zilikwisha kutumika, na katika vitabu ofisi ile ilikuwa na njia mbili. Benchini haikuwa nayo hata moja.

Watasema wengine kwamba haya ni anasa, na kwamba kijiji ambacho bado kinatafuta njia ya kwanza kisizungumziwe ya pili. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatusemi kila nyumba ya Mbwera au Salale inunue ruta ya milango miwili. Kwa nyumba nyingi simu ya laini mbili, yenye kugawa intaneti kwa wengine pindi inapohitajika, inatosha kabisa, mradi laini hizo ziwe za minara tofauti pale inapowezekana. Lakini zahanati, shule, ofisi ya kata na wakala wa fedha ni mahali pa watu wote. Hapo kukatika kwa njia si usumbufu wa mtu mmoja. Mgonjwa hukosa rufaa ya mapema, mzazi hukosa kutoa fedha za matibabu, na mvuvi hupoteza siku nzima ya maji. Gharama hiyo haiandikwi katika ankara yoyote, nayo hulipwa na mwananchi.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, na kwa wote wanaopanga mawasiliano ya vijijini, ukiwamo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kama ifuatavyo. Kwanza, mkataba wa njia ya pili usikubaliwe kabla mwenye kuuza hajaonyesha kwenye ramani huduma yake inapita mnara gani na waya gani. Pili, kila ofisi iwe na siku moja katika mwezi ya kuchomoa njia ya kwanza kwa makusudi, mbele ya mkuu wa ofisi, ili ionekane kama ya pili inabeba kazi. Tatu, atajwe kwa cheo mtu anayewajibika kuhakikisha bando la akiba halijafa na betri imejaa. Nne, daftari la karatasi lisitupwe. Siku njia zote zikikatika, zahanati iendelee kuandika na kutibu.

Na wananchi nao wana wajibu. Kijana aliyesoma ufundi huu asiishie kuutumia nyumbani kwao. Aende kwa mwalimu mkuu na kwa mganga wa zahanati akawapangie ruta yao. Tena wananchi waulize katika mikutano ya kijiji: njia yetu ya pili iko wapi, na ilijaribiwa lini? Msimu wa mvua hautatungoja tujibu, wala hautauliza tulikuwa na ankara ngapi. Swali hilo liulizwe sasa, wakati njia zote bado zinapitika, na jibu lake liandikwe katika muhtasari wa mkutano.