Ambulensi Isinunuliwe kwa King'ora

Kila Mei, mji wa Fulda katikati ya Ujerumani hujaa magari ya wagonjwa. Ni maonyesho ya RETTmobil, yaliyoanza mwaka 2001, na mgeni wa mara ya kwanza huvutwa na yale yale yanayomvuta mtoto: taa za buluu, rangi kali, matairi yakipanda vilima vya udongo kwenye uwanja wa majaribio. Hapo ndipo picha hupigwa. Mnunuzi mzoefu huzunguka nyuma ya gari na kufungua mlango.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Machela ya umeme inasogezwa, kitufe kinabonyezwa, miguu inajikunja na machela inateleza kwenye reli zake mpaka kufuli lilie "ka!" Hakuna aliyeinama, hakuna aliyeinua mgonjwa kwa kiuno. Kufuli nalo si pambo. Kiwango cha Ulaya, EN 1789, kinataka mgonjwa, machela na vifaa vyote vibaki mahali pake hata vikisukumwa kwa nguvu mara 10 ya uzito wake. Mtungi wa oksijeni wa kilo 5 uliofungwa kwa kamba ya katani, gari likigonga, unaweza kuruka kwa msukumo wa kilo 50, na kichwa kilicho jirani nao ni cha mgonjwa.

Wajerumani wana ubahili mmoja wa kuigwa. Ambulensi zao nyingi zina chumba cha mgonjwa kilichojengwa kama boksi linalojitegemea, juu ya chesisi ya Mercedes Sprinter au MAN. Injini ikichoka, boksi hushushwa, hukarabatiwa, kisha hupandishwa kwenye chesisi mpya. Kwetu Tanzania, Land Cruiser ya wagonjwa ikifa mara nyingi hufa na vyote vilivyomo, ikaegeshwa nyuma ya hospitali hadi majani yaote kwenye matairi.

Hata hivyo, kilicho bora zaidi katika huduma ya Wajerumani hakiuzwi kwenye banda lolote. Jimbo la Hessen, ulipo mji huo, limejiwekea lengo la kumfikia mgonjwa wa dharura kwa kawaida ndani ya dakika 10. Mhudumu mkuu wa gari, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2014, husomea kazi hiyo miaka 3. Gari lisilo na mtu huyo ni teksi yenye kelele.

Hapa ndipo sherehe zetu za kukabidhi ambulensi zinapokera. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anashika usukani, king'ora kinapigwa, wananchi wanashangilia. Nani atakaa kando ya mgonjwa saa nane usiku? Mafuta na matairi yatatoka fungu gani? Maswali hayo hayamo kwenye ratiba ya sherehe.

Na si kwamba Tanzania haijui. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ulianza na simu. Mjamzito akizidiwa, namba 115 inapigwa bure. Mratibu anapima hali yake na kutafuta usafiri. Ambulensi ikikosekana, anaitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, mwenye gari lake mwenyewe, na malipo yake hutumwa kwa simu. Gari la dereva huyo lisingepata hata kona ya kuegesha pale Fulda, lakini linajua linakokwenda na linasubiriwa na mtu.

Kasoro ni kwamba mpango huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Majeruhi wa bodaboda barabarani bado anaweza kupakiwa nyuma ya pikapu, shingo ikining'inia, na wasamaria wasiojua hospitali ipi ina daktari usiku huo. Kabla wizara haijaagiza msafara mwingine wa magari meupe, sehemu ya fedha hizo ingetosha kuanza kuwaweka majeruhi hao kwenye utaratibu kama ule wa m-mama, na kuwalipa mshahara wahudumu wa kukaa nyuma ya magari yaliyopo.