Tairi lina kashata, lakini lina miaka mingapi?

Trafiki wanapokagua magari hukamata matairi vipara, na ni sawa. Lakini tairi lenye kashata nzuri nalo laweza kupasuka njiani, Noah ikiwa imejaza watu wa mnadani: huenda ni mtumba wa zamani, au kipara kilichochongwa upya kikauzwa.

Mpira huzeeka kwa jua na joto hata usipotembea. Ubavuni, kwenye mstari wa DOT, soma tarakimu nne za mwisho. 2316 ni wiki ya 23, mwaka 2016. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu. Nyufa au uvimbe? Litolewe. Kashata zikilingana na vinundu vya ndani ya mifereji, milimita 1.6, limekwisha.

Abiria, inama utazame kabla ya kupanda. Konda akinuna, subiri gari jingine, kama lipo.