Mkulima, Mahakama na Dawa ya Pareto

Mkulima anaposhtakiwa kwa kukataa kunyunyiza dawa shambani mwake, wengi wetu humshangilia kabla ya kupima hoja za upande wa pili. Kesi ya Emmanuel Giboulot, mtengenezaji wa mvinyo wa Beaune, Ufaransa, husimuliwa kana kwamba ilikuwa vita baina ya malaika na ibilisi. Nionavyo mimi, haikuwa hivyo.

Mizabibu hiyo ni ya ukoo. Baba yake aliacha kemikali za viwandani katika miaka ya 1970, naye mwana akaingia katika kilimo cha kibayodinamiki, kilichotokana na mihadhara ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Wafuasi wake huliona shamba kuwa kiumbe kimoja chenye uhai. Hujaza samadi katika pembe ya ng'ombe, huizika majira yote ya baridi, kisha huikoroga majini na kuinyunyiza ardhini. Mengi ya hayo sayansi haijayathibitisha, na mwanafunzi ana haki ya kuyatilia shaka.

Mwaka 2013 serikali iliamuru mizabibu yote ya wilaya ya Côte-d'Or ipigwe dawa ya kumwangamiza mdudu aenezaye flavescence dorée, maradhi yasiyo na tiba. Giboulot alikataa, akidai kwamba ugonjwa haukuwa umeonekana karibu naye. Hapa ndipo Mkenya anapoguswa, maana wakulima wasiotumia kemikali waliruhusiwa dawa ya pareto, zao ambalo nchi yetu iliwahi kuongoza ulimwenguni kwa kulizalisha. Tumezoea kuisifu kwa kuwa ni ya asili. Yeye alijibu kwamba hata hiyo haichagui: humuua adui wa mzabibu pamoja na rafiki zake. Naam, katika hilo alisema kweli. Muulizeni mfuga nyuki yeyote.

Lakini jirani yake je? Mdudu hajui mpaka wa shamba.

Aprili 2014 mahakama ya Dijon ilimtoza faini ya euro 1,000, nusu yake ikiahirishwa. Desemba mwaka huo huo mahakama ya rufani ilimwachilia, kwa kuwa amri yenyewe ilikuwa na kasoro kisheria. Majaji, basi, hawakuamua ni nani aliyekijua kilimo zaidi. Swali hilo limebaki, nami ningelijibu hivi: serikali ikague mizabibu safu kwa safu kabla ya kulazimisha dawa, na anayeikataa akubali kung'oa bila kinyongo kila mzabibu utakaopatikana na maradhi.